Mimba ikionekana, paka anaingizwa mu gunia: tuongee kidogo

Leo sitaongea juu ya mbegu wala juu ya mozaiki ya muhogo. Nitaongea juu ya paka. Wengi wetu tumefika ule umri: mahari imetolewa, nyumba ya vyumba viwili imekodiwa, mtoto wa kwanza yuko njiani. Na mara tu mimba inaonekana, familia inafanya kikao kidogo chenye hukumu moja: paka atoke. Kijana mmoja anatumwa na gunia, jioni paka anaachwa mbali, karibu na soko, na watu wanalala wakisema sasa nyumba iko salama.

Ukiuliza sababu, utapewa tatu. Ya kwanza, manyoya yatamziba mtoto koo. Ya pili, paka anavuta pumzi ya mtoto akilala. Ya tatu inasemwa polepole, mlango ukiwa umefungwa: paka si paka tu.

Kinachonishangaza ni kwamba hatari yenye madaktari wanaiogopa kweli wakati wa mimba haitajwi hata mara moja kwenye kikao hicho. Na tukiijua vizuri, tunaona kwamba gunia haiiondoi.

Hatari hiyo ni ugonjwa wa toksoplasmozi. Unaletwa na kimelea kidogo sana, Toxoplasma gondii. Mwaka 1908, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikiona Tunis, ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya anaitwa gundi, na jina la gondii linatoka kwa huyo. Ilipita karibu miaka 60 mbele watafiti waelewe kazi ya paka katika mambo haya. Inaenda hivi: paka anakula panya ao ndege mwenye kimelea. Kimelea kinazaana ndani ya utumbo wa paka, na mayai yake yanatoka pamoja na kinyesi. Muda wa kutoa mayai ni kama wiki 1 mpaka 3, kisha mwili wa paka unajikinga, na kwa kawaida hatoi tena maisha yake yote.

Sasa shika jambo moja hapa, juu njo linabadilisha kila kitu. Mayai yakitoka leo, leo hayaambukizi. Yanahitaji siku 1 mpaka 5 nje, kwenye hewa na unyevu, kusudi yaive. Yakishaiva, yanaweza kukaa ndani ya udongo wenye unyevu miezi mingi, hata kupita mwaka. Ni kusema: kinyesi chenye kinaondolewa kila siku hakina nafasi ya kukuletea shida. Kinyesi chenye kimesahauliwa wiki nzima pembeni ya nyumba, hicho ni kitu kingine.

Kwa hiyo kumpapasa paka si njia kubwa ya kupata ugonjwa. Njia kubwa ni mdomo: mikono yenye imegusa udongo halafu ikagusa chakula, mboga na matunda ya kula mabichi yenye hayakusafishwa vizuri, maji machafu. Na nyama. Mbuzi, kondoo na nguruwe nao wanakula majani na udongo wenye mayai, kisha kimelea kinajificha ndani ya misuli yao. Tunaona basi vituko: asubuhi paka anafukuzwa juu ya mimba, jioni bwana anamletea bibi yake brosheti ya mbuzi yenye bado iko nyekundu katikati, eti ndiyo tamu. Ile brosheti inaweza kuwa hatari kuliko paka mzee mwenye analala karibu na makala. Nyama iive mpaka ndani. Kimelea kinakufa nyama ikifika digrii 67 katikati yake, na kwa macho yetu, sisi wenye hatuna kipimajoto mu jiko, maana yake ni kwamba hakuna tena wekundu wala maji ya damu.

Nani anapaswa kuogopa? Mwanamke mwenye anaambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Mwenye alishapata kimelea zamani, kama akiwa mtoto akicheza mu udongo, kwa kawaida ana kinga tayari na mtoto wake yuko salama (mwenye kinga dhaifu, kwa mfano mwenye virusi vya UKIMWI asiyekunywa dawa, yeye aongee na daktari kipekee). Maambukizi ya mwanzo wa mimba hayafiki kwa mtoto mara nyingi, lakini yakifika ni mabaya: mimba inaweza kutoka, ao ubongo na macho ya mtoto yakaharibika. Ya mwisho wa mimba yanafika kwa urahisi zaidi, lakini mara nyingi mtoto anazaliwa bila alama, na shida ya macho inaweza kuonekana miaka kisha. Kuna kipimo cha damu cha kujua kama mama ana kinga. Ukifika kwenye CPN, uliza. Hakimo siku zote kati ya vile vya kawaida na kinalipwa, lakini kuuliza hakulipwi. Na kuna dawa, kama maambukizi yanajulikana mapema.

Basi, mimba ikionekana, kazi ya kwanza ni ya baba. Yeye njo anaondoa kinyesi cha paka, kila siku, miezi yote tisa. Chukua bidoni ya lita 20, uikate kwa urefu, utie unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala ao majivu baridi. Paka anajifunza haraka, juu mwenyewe anapenda kufukia. Asubuhi mbele ya kwenda kazini (ao mbele ya kwenda kutafuta kazi, tusichekane) unatoa kinyesi, unafunga mu mfuko, unatupa, unanawa na sabuni. Mama akiwa peke yake na hana mtu wa kumsaidia, avae glavu ao mfuko wa plastiki mkononi, kisha anawe vizuri. Na kwa dada zetu wa agronomia wenye wanaendelea na shamba ao bustani wakiwa na mimba: glavu, tafadhali. Udongo wa bustani ya lengalenga umepitiwa na paka wote wa karitie.

Hapo njo unaona kwa nini gunia haisaidii. Paka yako akiondoka, paka ya jirani ataendelea kupita kwenye uwanja wako, na mayai ya mwaka jana bado yamo mu udongo. Na watu wengine wanafanya kinyume kabisa: wanafukuza paka mzee mwenye pengine alishamaliza kutoa mayai, halafu panya wakizidi wanaleta kapaka kapya kenye ndiyo kanaanza kuwinda. Yaani wanatoa mnyama mwenye hatari ndogo, wanaingiza mwenye hatari kubwa, mimba ikiwa bado ndani.

Na panya watazidi. Hili kikao cha familia hakilihesabu. Tuangalie nyumba zetu kama zile za Kadutu, zenye zimeshikana kwenye mlima, ukuta wa mbao mmoja kwa familia mbili, gunia ya maharagwe na ndoo ya unga chini ya kitanda. Panya wanafuata chakula na joto. Mtoto mchanga ana harufu ya maziwa kwenye mdomo na vidole, hawezi kufukuza kitu, na panya wanauma watoto usiku. Kisha mtu anaenda kununua sumu ya panya kwenye kipakiti kisicho na jina, anaitawanya chini ya kitanda kilekile. Miezi nane kisha, mtoto anatambaa pale chini, anaokota kila kitu na kutia mdomoni. Nikipewa kuchagua kati ya sumu hiyo na paka mwenye analala jikoni, sitafikiri mara mbili.

Sisemi paka ni muujiza. Panya wakubwa wa mifereji, wale wenye uzito wa nusu kilo, paka wengi wanawaacha wapite. Wanakamata panya wadogo na watoto wa wale wakubwa, na harufu yao inafanya wengine wasijenge nyumba kwako. Hapa nipitie kidogo kandokando, juu jambo hili linanifurahisha: mwaka 2000 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba panya mwenye Toxoplasma anapoteza woga wa harufu ya paka, hata anaifuata. Kimelea kinampeleka panya kuliwa kusudi kirudi ndani ya paka! Na urafiki wetu na paka wenyewe ulianzia ghalani. Kwenye kisiwa cha Kupro wameonekana paka na mtu waliozikwa pamoja, kama miaka 9.500 iliyopita, wakati watu walikuwa wanaanza kulima na kuweka nafaka. Nafaka ilileta panya, panya wakaleta paka. Tulipokuwa tunasoma juu ya kulinda mavuno kisha kuvuna, hakuna mwenye alitaja paka, na mimi naona ni pengo.

Kwa ndugu zetu wa Ituri niongeze neno: kwenye maeneo yenye tauni, paka mwenye amekula panya mgonjwa anaweza kuugua na kumwambukiza mtu. Kule, paka mwenye homa, mwenye shingo imevimba, hashikwi kwa mikono na halali ndani, na kituo cha afya kinajulishwa.

Turudi kwenye zile sababu tatu. Manyoya kuziba koo, hapana. Chenye kinaweza kusumbua kifua cha mtu mwenye aleji ni protini yenye inatoka kwenye mate na ngozi ya paka, inakauka na kuruka kama vumbi. Kama mtoto anapumua kwa mluzi ao baba yake ana asma na inazidi, daktari aangalie, na hapo kumpa rafiki paka ni uamuzi wa akili.

Ile ya kuvuta pumzi inanifanya niheshimu wazee, juu hawakuona vibaya. Waliona paka amelala juu ya mtoto, na mtoto hapumui vizuri. Maelezo yao njo hayakuwa sahihi. Paka anatafuta joto, na mtoto aliyefunikwa ni jiko dogo lenye harufu ya maziwa. Paka mzima ana kilo 3 ao 4, ni kusema anaweza kulingana na mtoto mwenyewe siku ya kuzaliwa. Akilala karibu na uso wa mtoto wa wiki mbili, mwenye hawezi kugeuka wala kusukuma, pua inaweza kuzibwa. Hapo hakuna uchawi wala ubaya wa paka, ila ni hatari ya kweli, na njo maana nasema kwa nguvu: paka na mtoto mchanga hawalali chumba kimoja. Hata siku moja, hata kama ni mpole, hata kama picha ingekuwa nzuri ya kuweka kwenye statut.

Wengi wetu hatuna mlango wa chumba, tuna rido. Rido haimzuizi paka. Kama fundi ni ghali, tafuta hata ubao wa kufunga mlango wa jikoni, paka alale kule na makala yake. Anza hiyo mazoea mwezi moja ao miwili mbele ya kuzaa. Ukianza siku mtoto anafika, paka atalia usiku kucha na wewe utakuwa umechoka, utamfungulia. Mustikere inasaidia pia, ile kubwa yenye unaingiza chini ya godoro pande zote. Lakini ile ndogo ya mtoto, yenye inafunguka kama mwavuli, si ukuta: paka anaweza kuruka juu yake na kuibomoa juu ya mtoto. Na paka akiwa mbali, bado mtoto alazwe chali, juu ya kitu kigumu kidogo, bila mto na bila vikwembe vilivyorundikwa karibu na uso. Mto laini unaziba pua vilevile.

Ku nyumba yetu, mama mkwe alifika kutoka Kabare wiki tatu mbele ya bibi yangu kuzala. Aliona paka akasimama mlangoni. Sikumletea mambo ya kitabu. Nilimwambia, "Mama, karibu. Ile paka tutafanya vile utasema, ila tuambie kwanza kitu yenye unaogopa." Alikaa, akakunywa chai, kisha akasema: "Mi sina shida na paka, mwanangu. Shida yangu ni mahali inalalaka. Mujukuu wangu hatalala na paka, basi." Niliona kwamba mama na daktari wanasema neno moja. Siku ileile tulipiga msumari mlango wa jikoni, na yeye mwenyewe alikuwa anakagua kila jioni. Mara nyingi wazee wanataka kuona kwamba umeshika neno lao, na mabishano ya Toxoplasma yanaweza kungoja.

Sababu ya tatu siwezi kuipita kwa mzaha. Mtoto mchanga akifariki usiku na mtu akasema aliona paka juu ya ukuta, neno haliishii kwa paka. Linatafuta mwenye paka, na mara nyingi mwenye paka ni mama mzee, mjane, anayeishi peke yake. Tunajua mu vijiji vyetu vya Kivu ya Kusini neno kama hilo limepeleka wamama wangapi kwenye moto. Watoto wachanga wanakufa zaidi juu ya kuzaliwa mbele ya wakati, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Mtoto mwenye anakataa ziwa, mwenye mwili wake unachoma ao umekuwa baridi, mwenye anapumua mbio na mbavu zinaingia ndani, apelekwe ku lopitali saa ileile, hata kama ni usiku. Saa mbili za kutafuta nani ametuma paka ni saa mbili zenye mtoto hana.

Siku ya kutoka materniti, mimi napendekeza hivi. Bibi akiwa bado kule, leta nyumbani kikwembe kimoja chenye mtoto amelalia, ukiweke mahali paka anapita. Atanusa, atazoea. Mtoto akifika, mwenye amembeba akae, paka akaribie kwa hiari yake na aondoke kwa hiari yake. Usimpige, juu paka mwenye anapigwa kila mara mtoto yuko karibu atamchukia mtoto. Na usisahau chakula chake. Vichwa vya sambaza vilevile, saa ileile. Paka mwenye njaa njo anapanda kwenye meza kutafuta maziwa.

Kuumwa na kukwaruzwa ni sura yake peke. Kichaa cha mbwa kwetu kinaletwa zaidi na mbwa, lakini paka pia anaweza kukipata na kukipitisha, na dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna mwenye anapona. Paka akimuuma mtoto ao mama, osha kidonda na maji mengi na sabuni dakika 15 kamili, angalia saa, kisha enda kituo cha afya siku ileile kuuliza chanjo. Usitie mafuta ya gari wala dawa ya majani, na usingoje "tuone kwanza". Paka mwenyewe anaweza kuchanjwa akifikisha miezi mitatu. Uliza veterineri wa eneo lako, na akifika mwambie pia juu ya dawa ya minyoo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, ni wakati mzuri wa kuuliza kama kuna kampeni karibu na kwenu.

Dawa ya minyoo itakuja kuwa na maana zaidi mtoto akianza kutambaa, juu mayai ya minyoo ya paka nayo yanaivia mu udongo na yanaingia kwa mdomo. Kama kuna rundo la mchanga wa kujengea kwenye uwanja, funika na bati, paka wote wanaona ni choo. Bidoni ya paka ihame mahali mtoto hafiki. Na piga ubao mmoja juu ya ukuta, kimo cha kifua cha mtu mzima, mahali paka anaweza kupanda. Wakati huo mambo yamegeuka: mtoto njo anamfuata paka kumvuta mkia, na paka asipopata pa kukimbilia, atatumia makucha.